Bunduki Inasumbua Tangu Ubadilishe Mafuta? Tuanzie Kwenye Maneno ya Chupa

Malalamiko mengi ninayoletewa hayaanzi na chuma, yanaanza na chupa. Mtu amenunua kilainishi kinachodai "kupenya ndani ya chuma", au amelipia mtutu wake ufanyiwe "tiba" fulani. Wiki chache baadaye bunduki iliyokuwa haina neno inaanza kugoma. Atashuku springi, atashuku risasi, atamshuku hata fundi. Chupa haimo kwenye orodha ya washukiwa, maana ndiyo aliyoitolea pesa nyingi.

Tangazo la mafuta ya bunduki mara nyingi halisemi uongo wa waziwazi. Linajibu swali ambalo bunduki yako haikuuliza. Kwa hiyo chini ya kila dalili nimeweka sababu kuanzia inayotokea sana hadi ile ya nadra, pamoja na dai lililomfikisha mtu hapo.

Kabla ya kugusa chochote: toa magazini, vuta bolti au sleidi nyuma, tazama ndani ya chemba, kisha ingiza kidole uhakikishe. Risasi zote ziwe chumba kingine. Kama huna uhakika namna ya kuipakua bunduki uliyo nayo, usiendelee kusoma kwa vitendo. Mpelekee anayejua.

Dalili: bolti imekuwa nzito, sleidi inarudi kwa kusuasua

Hii ndiyo baba yao, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

*Mafuta yenye asili ya mimea yameganda.* Chupa imeandikwa "asilia", "salama kwa ngozi", "haina sumu", na yote hayo yanaweza kuwa kweli. Lakini mafuta mengi ya mimea hushika oksijeni ya hewani, na molekuli zake hushonana moja na nyingine hadi zikawa ngozi. Ndiyo maana mafuta ya kitani yametumika tangu zamani kutengenezea vanishi. Joto huharakisha kazi hiyo. Bunduki inayopigwa kila wiki na kusafishwa inaweza isionyeshe dalili yoyote. Iliyopakwa ikafungiwa kabatini miezi minane ndiyo inayoumbuka.

Yamenikuta mwenyewe. Nilinunua pasta moja yenye harufu ya mnanaa, maelekezo yakisema pasha chuma joto, paka, acha kipoe, futa. Nilifuata kama mwanafunzi mtiifu. Msimu uliofuata nikashika mkono wa bolti, ukafika nusu ya njia ukasimama, kama droo ya kabati la zamani. Kwenye njia za bolti kulikuwa na utando wa rangi ya asali. Kitambaa kikavu hakikuutoa. Niliukwangua kwa kijiti cha kuchokolea meno, ukawa unatoka kwa vipande vyembamba vinavyojikunja kama ganda la kitunguu.

Kuujua ni rahisi: pitisha ukucha kwenye njia za bolti. Mafuta mazima huteleza na kulowesha kidole. Mafuta yaliyoganda hunata, na alama ya ukucha hubaki.

*Mafuta mengi mno.* Hii hushindana na ya kwanza kwa wingi. Dai la "hufukuza uchafu" humfanya mtu amimine. Mafuta ya majimaji hayafukuzi vumbi, huliokota, na mchanganyiko wa masizi, vumbi na mafuta ni tope la kusagia chuma. Futa kwa kitambaa kikavu hadi chuma kionekane kimeng'aa bila kudondoka. Uzito ukiisha hapo, kesi imekwisha.

*Umechanganya bidhaa mbili.* Viongezo vya kampuni moja vinaweza kugombana na vya nyingine na kuacha ute. Ukihamia bidhaa mpya, osha ya zamani yote kwanza.

*Grisi ya kuhifadhia ya kiwandani haikuondolewa.* Wengi hudhani bunduki mpya imeshapakwa mafuta ya kazi. Kilichopo huenda ni cha kuizuia kutu ikiwa ghalani na safarini tu.

*Baridi.* Grisi iliyo nzuri mchana wa joto hugeuka nta kwenye baridi kali. Tazama kwenye karatasi ya kiufundi ya bidhaa: kuna namba ya nyuzi ambapo mafuta huacha kumiminika. Bidhaa isiyotoa namba hiyo halafu inajisifia "joto lolote, baridi yoyote" inakuomba uiamini kwa sura.

Tiba ya yote ni moja. Fungua bunduki kwa kiwango kinachoelezwa kwenye kitabu chake, si zaidi. Osha kwa kiyeyushi cha kusafishia chenye asili ya petroli, kisichoharibu plastiki, mahali penye hewa na mbali na moto. Kausha kabisa. Jaribu mwendo wake ikiwa kavu, *kabla* hujapaka kitu, kwa sababu hapo ndipo utajua kama tatizo lilikuwa mafuta au chuma. Kisha tone moja moja mahali panaposuguana.

Simama hapo kama bunduki safi na kavu bado inakwama ukiisukuma kwa mkono. Hiyo si kazi ya mafuta tena. Kuna kilichopinda au kilichopasuka, na chupa ya tatu haitakinyoosha. Nenda kwa fundi bunduki.

Unataka kujua mafuta yako yataganda au la? Chukua kipande cha kioo, weka tone la kila bidhaa uliyo nayo, andika jina pembeni kwa kalamu, kiache dirishani. Baada ya wiki mbili kiinamishe, baada ya wiki sita gusa kila tone. Kipimo hiki hakitakuambia mafuta yapi yanalainisha vizuri, ila kitakuambia yapi yatakuwa gundi.

Dalili: umeona kwa macho yako na umeshalipa

Hii humpata mnunuzi, si bunduki. Mezani kuna mota ndogo inayozungusha ringi ya chuma, na mkono wa wenzo unaoigandamizia roli juu yake. Muuzaji anaweka mafuta ya kawaida, ananing'iniza uzito, chuma kinapiga kelele na kukwama. Anaongeza matone ya bidhaa yake, uzito unapandishwa mara tano, mota inazunguka kimya. Watu wanapiga makofi.

Hakuna kiini macho hapo, chuma kweli kimekataa kukwama. Lakini kinachopimwa ni uwezo wa kuhimili mgandamizo mkubwa mno kwenye sehemu ndogo kama punje, huku ikisuguliwa mfululizo bila kupumzika. Viongezo vyenye klorini hushinda mchezo huo kwa urahisi: joto la msuguano huvifanya vishikane na chuma na kutengeneza utando mwembamba wa chumvi ya chuma unaokatika badala ya chuma chenyewe. Ni kemia nzuri kwa kiwanda kinachokata na kukunja vyuma.

Sasa linganisha na bunduki. Bolti inaenda na kurudi kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha inatulia. Uso unaogusana ni mpana. Maadui wake ni masizi, vumbi, unyevu, na mafuta kukimbia mahali pake. Ile mashine haipimi hata kimoja kati ya hivyo. Isitoshe, baadhi ya misombo ya klorini ikipata joto na unyevu inaweza kuzaa asidi ya haidrokloriki, ambayo ni rafiki wa kutu.

Njia ya kuangalia: omba karatasi ya usalama wa kemikali, inayojulikana kwa herufi SDS. Kwa mpangilio wa kimataifa ina sehemu 16. Nenda sehemu ya 3, ya viambato, utafute neno parafini zenye klorini. Kisha sehemu ya 9, penye tabia za kimaumbile kama kiwango cha kuwaka. Muuzaji wa "fomula ya siri" anaweza kuficha kiasi kamili cha viambato vyake, lakini akikataa kukupa karatasi yenyewe, umeshapata jibu.

Kama tangazo linataja kipimo cha ASTM D4172 (ASTM ni shirika la viwango vya vipimo), ambapo mpira mmoja wa chuma huzungushwa juu ya mingine mitatu, hiyo ni afadhali, kwa sababu masharti yake yanajulikana: mizunguko 1,200 kwa dakika, nyuzi 75 za Selsiasi, dakika 60, na kovu kwenye mipira hupimwa kwa milimita. Kovu dogo ni jambo jema. Bado halikwambii kitu kuhusu kutu wala masizi.

Mchezo huu si wa bunduki peke yake. Nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ilizibana kampuni kadhaa za viongezo vya oili ya injini miaka ya 1990. Mwaka 1997 wauzaji wa Slick 50, iliyouzwa kwa jina la chembe za PTFE (plastiki telezi ya vikaango visivyonata), walifikia makubaliano ya kuacha madai ya kulinda injini wasiyokuwa na ushahidi wake. Ukisoma chupa nyingi za mafuta ya bunduki utadhani waandishi wake walihama kutoka huko.

Dalili: "tik", na risasi haijalipuka

Kwanza usalama. Mdomo wa bunduki ubaki umeelekezwa mahali salama, usifungue bolti, hesabu angalau sekunde 30. Risasi inaweza kuchelewa kulipuka.

Sababu ya kwanza ni mafuta kwenye njia ya pini ya kugonga. Dai la "lowesha kila kona" ndilo linaloingiza watu humu. Pini inahitaji kasi. Ikipita kwenye mafuta mazito yaliyoshika masizi, inafika imechoka na kugonga kwa upole. Watengenezaji wengi wa bastola husema wazi njia hiyo iachwe kavu. Angalia alama kwenye fataki, ile kofia ndogo kwenye kitako cha risasi: kama kishimo ni chembamba na hafifu, anzia hapo. Osha, kausha, usipake kitu.

Ya pili ni risasi zilizolowa mafuta yanayopenya. Mafuta yanayojisifia kupenya kwenye nyufa ndogo kuliko unywele yanaweza kupenya na kwenye fataki. Magazini haihitaji kupakwa mafuta ndani kama sufuria.

Springi iliyochoka huja ya tatu, na kuibadilisha ni kazi ya fundi kama hujawahi kuifanya.

Lakini ukisikia mlio hafifu, "puf" badala ya kishindo, usipige tena. Risasi inaweza kuwa imekwama ndani ya mtutu, na ya pili ikiifuata mtutu hupasuka. Pakua na upeleke bunduki kwa fundi. Usiisukume kwa fimbo ya kusafishia, ile ambayo zamani iliitwa mdeki, kwa kudhani utajua nguvu ya kutosha.

Dalili: kutu imetokea, na chupa imeandikwa "kinga kamili"

*Chumvi ya fataki.* Risasi nyingi za zamani za kijeshi zina fataki zenye potasiamu klorati. Zikilipuka huacha potasiamu kloridi, ndugu wa chumvi ya mezani, nayo huvuta unyevu wa hewa. Mafuta hayayeyushi chumvi. Unaweza kuloweka mtutu kwa kilainishi cha bei ya juu kuliko vyote na chumvi ikabaki chini yake ikila chuma polepole. Kinachoiondoa ni maji. Maji ya moto kwanza, kausha vizuri, halafu mafuta. Neno "huondoa mabaki yote" kwenye chupa isiyo na maji ndani yake ni la kutiliwa shaka hapa. Nimeona mitutu iliyopata wekundu ndani ya siku mbili, na mwenyewe akiapa kwamba aliisafisha usiku uleule.

*Bidhaa si ya kazi hiyo.* Mfano unaojulikana ni WD-40. Jina lake ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza ya kuondoa maji, na 40 ni jaribio la arobaini la fomula, mwaka 1953. Kuondoa maji inaweza. Utando unaobaki ni mwembamba. Si kosa la bidhaa mtu akiifanya mlinzi wa kabati kwa mwaka mzima.

*Jasho la vidole na kesi ya sponji.* Kesi laini iliyovutia dukani hushika unyevu kama taulo. Tafuta alama za kutu zenye umbo la kidole; utazikuta.

*Molibdeni disulfaidi.* Unga huu mweusi ni kilainishi kikavu kizuri sana. Ila kwenye unyevu unaweza kuoksidika na kuchangia kutu, kwa hiyo mtutu uliopigwa risasi zilizopakwa unga huo usilazwe bila kusafishwa.

Matangazo ya kutu hupenda saa za ukungu wa chumvi, yaani muda chuma kilichopakwa kinavyovumilia ndani ya sanduku la ukungu huo, kipimo cha ASTM B117: chumvi ya asilimia 5, nyuzi 35. Saa hizo zinafaa kulinganisha bidhaa mbili zilizokaa kwenye sanduku moja siku moja. Hazigeuki kuwa miaka ya kabatini, na tangazo linalofanya hesabu hiyo limetunga.

Wekundu wa juu unaotoka kwa kitambaa ni wako kuuondoa. Vishimo ndani ya chemba au mtutu ni vya fundi kuvipima kabla hujapiga risasi nyingine.

Dalili: mtutu "uliotibiwa" umepoteza shabaha

Hapa tutenganishe vitu viwili. Kuna tiba za kiwandani ambazo ni za kweli: kromu ngumu ndani ya mtutu, au kunitraidi kwa takriban nyuzi 580, ambako nitrojeni huingia kwenye uso wa chuma na kuufanya mgumu. Hizo zinaongeza maisha na kupunguza kutu. Halafu kuna chupa inayoahidi "tabaka la kudumu" kwa kusugua na kitambaa. PTFE huyeyuka kwenye nyuzi 327. Gesi ya baruti ni zaidi ya 2,000. Fikiria mwenyewe utando huo utaishi milio mingapi pale mwanzo wa mtutu ambapo moto ndio mkali kuliko kote.

Kugandisha mtutu kwenye nitrojeni iliyo kimiminika, hadi karibu nyuzi 196 chini ya sifuri, kuna maana kwenye vyuma vya kutengenezea zana, kwa sababu hugeuza ostenaiti iliyobaki (muundo laini wa chuma) kuwa martensaiti (muundo mgumu). Chuma cha mitutu kama kile cha daraja la 4140, kilichopashwa moto na kupozwa inavyotakiwa, hakina ostenaiti ya maana iliyobaki. Dai kwamba mtutu mbovu utapona kwa baridi halina mguu wa kusimamia.

Basi sababu za shabaha kupotea, kwa mfuatano:

Mtutu umelowa. Risasi ya kwanza juu ya mafuta huenda kwake. Pitisha vitambaa vikavu viwili kabla ya kupiga. Chemba nayo iwe kavu: ganda lisiposhika kuta za chemba, bolti hubeba mzigo mkubwa zaidi.

Shaba ya risasi imejaa mtutuni. Kiyeyushi chenye amonia kikiigusa hutoa rangi ya bluu. Lakini ncha ya shaba nyeupe kwenye fimbo yako nayo hutoa bluu hiyohiyo, na watu husugua mtutu msafi hadi jioni. Badili ncha iwe ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu. Na kamwe usichanganye amonia na dawa ya kufulia yenye klorini. Gesi yake inaumiza mapafu.

Ukingo wa mdomo wa mtutu umekwaruzwa na fimbo wakati wa kupaka hiyo tiba. Utazame kwa kioo cha kukuzia. Ukikuta pengo, ni kazi ya fundi na mashine yake.

Au hakuna kilichobadilika. Matangazo huonyesha matundu matatu kabla na matatu baada. Piga makundi matano ya risasi tatu kwa bunduki ileile, risasi zilezile, siku ileile, bila kubadili chochote, na utashangaa jinsi yanavyotofautiana. Ningetaka makundi ya risasi kumi, kadhaa kila upande, tena mpigaji asijue mtutu upi umepakwa. Bado sijaletewa tangazo la hivyo.

Maneno ya lebo, kwa haraka

"Kiwango cha kijeshi": kile cha jeshi la Marekani cha mafuta ya kazi tatu, kusafisha, kulainisha na kuhifadhi, huitwa MIL-PRF-63460. Kusema bidhaa "inakidhi" ni neno la muuzaji. Kuwamo kwenye orodha ya bidhaa zilizothibitishwa ni jambo jingine, na ndilo la kuuliza. Namba ya NSN yenye tarakimu 13 ni namba ya ghala, si cheti.

"Hupenya kwenye matundu ya chuma": chuma cha bolti hakinywi mafuta kama mbao. Kilichofanyiwa fosfati kwa nje kina uso wenye vinyweleo na hushika mafuta kweli, lakini hushika mafuta yoyote.

"Hutahitaji kusafisha tena": bunduki ya M16 ilipelekwa Vietnam katikati ya miaka ya 1960 ikiwa na sifa hiyohiyo ya kutohitaji usafi mwingi, vifaa vya kusafishia vikiwa haba, baruti imebadilishwa na chemba haina kromu. Maganda yalikwama watu wakiwa vitani, hadi kamati ya Bunge la Marekani ikachunguza mwaka 1967. Kromu na vifaa vya usafi vikafuata.

Ukitaka kumpima muuzaji bila kununua, mwandikie mistari miwili: kipimo gani kilifanywa, na kililinganishwa na bidhaa gani nyingine kwa masharti yaleyale? Mimi nilimwandikia mmoja. Alijibu siku hiyohiyo kwa ukarimu mkubwa, akanitumia video ya ringi, roli na wenzo.